Siku moja maishani mwangu: paneli ya msaada iliyobaki nyeupe

Saa 2 asubuhi. Ujumbe wa kwanza ninaoufungua ni wa mwanafunzi anayejifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye mazingira yetu ya kuandikia kodi (maandishi ya programu) ndani ya kivinjari. "Nikibofya Msaada naona weupe mtupu. Nimekosea wapi?" Swali hilo la mwisho linaniuma. Mzoefu akikuta paneli tupu hulaumu mitambo. Anayeanza hujilaumu mwenyewe. Kazi nyingine zote naziweka kando.

Saa 3. Kwenye kompyuta yangu msaada unafunguka. Naingia kwa akaunti ya majaribio, kwa anwani ile ile wanayotumia wanafunzi: weupe. Mwenzangu wa upande wa seva ananiandikia, "Dada, huku kila kitu kijani, seva inajibu 200." Ni kweli. Ila 200 inasema tu kwamba ukurasa umetumwa. Haisemi kama kivinjari kimekubali kuuonyesha.

Saa 4. Nabonyeza F12 na kufungua konsoli, sehemu ambako kivinjari huandika makosa yake. Watu wengi hukimbilia kubadilisha kodi kabla ya kusoma hapa, na jibu mara nyingi limeshaandikwa. Leo limeandikwa kwa rangi nyekundu: ukurasa umekataliwa ndani ya fremu kwa sababu ya X-Frame-Options: SAMEORIGIN, agizo ambalo seva hulituma pamoja na ukurasa. Paneli yetu ni iframe, yaani fremu inayoonyesha ukurasa mmoja ndani ya mwingine. Agizo hilo huruhusu fremu pale tu itifaki (http au https), jina la seva na poti (namba ya mlango wa seva) vinapolingana na vya ukurasa unaoibeba. Juzi nyaraka za msaada zilihamishiwa kwenye anwani yake yenyewe, na kuanzia hapo kivinjari kikazihesabu kuwa mgeni. Kwenye kompyuta yangu zote mbili bado zinatoka anwani moja, ndiyo maana kwangu hakuna kilichoharibika.

Saa 5. Mwenzangu anataka tulifute agizo lenyewe. Nakataa. Liliwekwa ili mlaghai asiuweke ukurasa wetu, usioonekana, juu ya kitufe chake, mtu akabofya asichokikusudia, na nyaraka zetu zina sehemu ya kuingia kwenye akaunti. Tunakubaliana kutumia agizo jingine, Content-Security-Policy, lenye frame-ancestors, yaani orodha ya anwani zinazoruhusiwa kuubeba ukurasa, tukitaja 'self' (anwani ya nyaraka zenyewe) na anwani ya mazingira ya kodi, basi. Kivinjari kinachoielewa frame-ancestors hulipuuza agizo la X-Frame-Options, lakini tunaliondoa pia, ili anayekuja baadaye asikute maagizo mawili yanayopingana.

Saa 8 mchana. Kwa baadhi ya wanafunzi paneli bado nyeupe. Seva za akiba, zinazotunza nakala za kurasa, zimehifadhi majibu ya zamani pamoja na vichwa vyake, yaani maagizo yanayotumwa na ukurasa. Tunazisafisha, weupe unaisha.

Saa 9. Mwanafunzi mwingine ameandika pydoc -b, amri inayowasha seva ndogo ya msaada wa Python, kisha akafungua anwani ya localhost (jina ambalo kompyuta hujiita yenyewe) iliyotokea. Muunganisho umekataliwa. Programu yake inaendeshwa kwenye seva yetu, kwa hiyo msaada umewaka huko; kivinjari nacho kinaitafuta localhost kwenye kompyuta iliyo mbele yake. Namwelekeza atumie help(str), inayochapa maelezo pale pale kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri. Kupitisha poti ya msaada huo kwenye proksi (seva ya kati inayopokea na kupeleka maombi) ni kazi ya kesho, na viungo vinavyoanza na mkwaju vitatusumbua, kwa kuwa huruka njia ya proksi na kurudi kwenye mzizi wa tovuti.

Saa 10 jioni. Naandika jaribio linalofungua kivinjari halisi na kutafuta maneno ndani ya paneli, maana kuuliza seva peke yake kumetudanganya. Kisha naiongezea paneli kinga: ukurasa wa msaada ukishafunguka unatuma ujumbe kwa postMessage, njia ya kurasa kuwasiliana ndani ya kivinjari, na paneli isipousikia ndani ya sekunde 5 inaonyesha maandishi haya: "Msaada umeshindwa kufunguka. Tatizo liko kwetu, si kwenye kodi yako," na chini yake kiungo cha kuufungua kwenye kichupo kipya. Namjibu mwanafunzi wa asubuhi kwa maneno hayo hayo.