Kakombe: yasome maji kabla hujayakaribia

Wanaofika mwisho wa reli, Kigoma, huulizia Hifadhi ya Gombe kwa sababu ya sokwe. Wakishawaona, wanarudi botini. Maporomoko ya Kakombe yako mwendo wa dakika 30 hadi 45 kutoka ufukwe wa Kasekela, yalipo makao ya hifadhi, na bado wapo wanaoondoka bila kuyatia machoni. Wapo pia wanaofika na kwenda moja kwa moja kusimama chini ya maji wakiwa na kandambili miguuni. Naandika kwa ajili ya wote hawa, ila zaidi kwa ajili ya hao wa pili.

Gombe haina barabara. Ni ukanda mwembamba wa milima ulio kama kilomita 16 kaskazini ya mji wa Kigoma, na mlango wake ni Ziwa Tanganyika. Boti za abiria, zile ndefu za mbao, huondokea Kibirizi, kando ya mji wa Kigoma, baada ya adhuhuri zikiwa na magunia ya unga, kreti za soda, mabati na watu juu yake, kuelekea Mwamgongo na Kagunga mpakani na Burundi. Hadi Kasekela hesabu saa tatu au zaidi, maana zinasimama kila kijiji. Boti ya kukodi yenye injini ya nguvu inachukua kama saa moja. Kinachowakwamisha wengi ni kurudi: boti za abiria za kwenda mjini hupita Gombe asubuhi na mapema, kwa hiyo ukienda kwa boti ya abiria ujue unalala hifadhini. Panga malazi kabla, na Jumapili usizitegemee kabisa.

Kiangazi, upepo wa kusini ukishika kasi mchana ziwa linachafuka. Mwenye boti ya kukodi akikuambia muondoke alfajiri, mkubalie. Kagua jaketi za kuokolea maisha kabla hujaweka mguu ndani. Zikiwa pungufu kwa idadi ya watu, tafuta boti nyingine. Tanganyika inafika kina cha mita 1,470, na kwenye mwambao huu wa milima chini hushuka ghafla, karibu tu na nchi kavu.

Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, na ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni wa nje. Lakini lazima uthibitishe uraia, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu, si pesa mkononi. Yamalizie mjini kwenye mtandao wa uhakika. Kutembea msituni bila mwongozaji hairuhusiwi, hata kama njia unaiona.

Sasa viatu. Kandambili, yeboyebo na raba zilizolika soli ndizo zinazovunja watu mikono huku. Unahitaji kiatu chenye meno, kilichofungwa kamba, ambacho hutajali kikilowa. Suruali iwe ndefu na ncha zake uzichomeke ndani ya soksi, maana siafu wakiwa wanavuka njia hutawaona mpaka wameshapanda mapajani. Kiangazi kuna upupu pia: maganda yake yakikauka, manyoya hupeperuka kwa kuguswa kidogo tu. Ukikupata usijikune, kwa kuwa kujikuna kunayazamisha ndani zaidi. Bandika selotepu juu ya ngozi, ibandue, rudia mara kadhaa kwa kipande kipya, kisha ndipo uoshe. Maji ya kunywa beba lita moja na nusu kwa kila mtu. Simu itie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kusokota. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hifadhini hawataki kuiona.

Njia inafuata bonde la kijito cha Kakombe. Pale chini kuna michikichi, halafu miti mirefu inafunga juu na hewa inabadilika. Mizizi imetanda njiani kama kamba na mahali pengine unavuka mawe. Ukoga juu ya mawe haufanani wote. Jiwe jeusi linalong'aa kama limepakwa mawese limefunikwa na ukoga mwembamba unaoteleza hata lisipokuwa na maji juu yake, liepuke. Jiwe la kijivu, kavu, lenye uso wa kukwaruza, ndilo la kukanyaga. Mguu wa mbele usiupe uzito mpaka umelijaribu jiwe kama linacheza. Na usishike mmea unaoning'inia kama kamba ya kujivutia. Mwingi umeoza kule juu usikokuona. Maji yakizidi magoti na yanakwenda kasi, usivuke: hapo mkondo ndio unaoamua utakapoweka mguu.

Kwa nini nakazania sana maji? Kwa sababu ya umbo la milima yenyewe. Ziwa liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha ukingo kinapita mita 1,500, ilhali kutoka ufukweni mpaka ukingoni ni kilomita chache tu. Mabonde ni mafupi na yamesimama. Mvua ikinyesha kule juu hakuna tambarare ya kuyapunguza maji kasi; yanashuka yote kwa pamoja, na wewe uliye bondeni unaweza kuwa unaota jua. Msimu wa mvua ni kuanzia Novemba hadi katikati ya Mei, na ndio wakati maporomoko yanapojaa na njia kuwa mbaya. Kwa maoni yangu wakati bora ni mwisho wa Mei na Juni: maji bado yana nguvu, na udongo umeanza kushikana.

Ukifika, kabla ya kutoa simu, chagua jiwe moja katikati ya kijito ambalo kichwa chake kimechungulia juu ya maji kwa upana wa vidole vinne. Likariri. Liangalie kila baada ya dakika tano. Vidole vinne vikiwa viwili, ondokeni, pandeni ubavuni mwa bonde, msiteremke na kijito. Dalili nyingine huja pamoja na hiyo: maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa, majani na vijiti vinaanza kupita kwa wingi, mngurumo unakuwa mzito, harufu ya udongo mbichi inatangulia. Usingoje zote zitimie.

Maporomoko yenyewe yana urefu wa kama mita 25. Maji yanadondoka kutoka kwenye mdomo wa ukuta wa mwamba wa kijivu, na kwa miaka isiyohesabika yamejichimbia mfereji wima humo. Mimea itambaayo inaning'inia pembeni. Angalia majani ya mimea iliyo karibu na maji: hayatulii kamwe. Yanatikisika mchana na usiku kwa upepo ambao maji yenyewe yanausukuma yakianguka, na upepo huohuo ndio unaobeba manyunyu mpaka kwenye kioo cha simu yako. Geuza lenzi upande, ifute, geuka, piga, geuka tena. Asubuhi mapema bonde lina giza, kwa sababu ukingo uko mashariki na jua huchelewa kuuruka; kwa picha, ngoja kuanzia saa nne hivi.

Usisimame chini ya mdomo. Maji yanayodondoka hayaji peke yake. Kijito kinasukuma mawe na vipande vya magogo huko juu, na jiwe la ukubwa wa ngumi likianguka mita 25 linaua. Simama pembeni, palipo na miti hai iliyoota wima. Mti wenye makovu ya kugongwa unakwambia mawe huangukia wapi.

Kwenye maporomoko mengine ya milimani maji huchimba pango nyuma yake: mwamba laini wa chini unaliwa na manyunyu, mgumu wa juu unabaki ukining'inia kama ukingo wa paa. Ukiliona pango la namna hiyo, kumbuka kwamba paa lile nalo litaanguka siku moja. Vifusi vilivyo sakafuni ni sehemu zake. Na likiwa na popo, usiingie. Popo wanaokula matunda na kulala mapangoni ndio wanaohifadhi virusi vya Marburg, ugonjwa unaoua. Watu waliambukizwa baada ya kuingia pango la Kitum, mlima Elgon nchini Kenya, mwaka 1980 na 1987, na Kagera yetu ilipata mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2023 na tena 2025. Uzuri wa pango haustahili hatari hiyo.

Kuoga? Kichocho kipo kwenye maji ya eneo hili. Nyani wa Gombe wenyewe wamekutwa nacho. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia au yanayokwenda taratibu, yenye majani, kwa hiyo hatari kubwa iko kwenye vidimbwi vya chini na kwenye ufuo karibu na vijiji, kuliko pale maji yanapodondoka kwa nguvu. Nawa uso kama unataka, jikaushe vizuri kwa taulo, na vidimbwi uviache.

Chakula kiache nyumbani mlimolala, mlango ukiwa umefungwa. Nyani wa ufukweni hawaombi, wanapora.

Kisha sokwe. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika hapa tarehe 14 Julai 1960 na kufariki tarehe 1 Oktoba 2025, aliandika jinsi madume yanavyofanya yakifika Kakombe: yanayumba mguu hadi mguu, yanabembea kwenye mimea inayoning'inia, yanarusha mawe, na mengine hukaa baadaye kuyatazama maji. Hili halipangwi na hulipii kuliona. Ukiwa na mafua au kikohozi, mwambie mwongozaji na ubaki. Mwaka 1966 polio iliwapiga sokwe wa Gombe, na maradhi ya kupumua yamewaua wengi tangu hapo. Vaa barakoa, kaa umbali wa mita 10, na watoto chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kwenye msafara wa sokwe.

Wakija mkiwa maporomokoni, msikimbie na msijipange mbele yao kupiga picha. Sogeeni pembeni mwa njia, kaeni chini mkiwa mmeshikamana, muwaachie nafasi ya kufika kwenye maji na nafasi ya kutoka. Dume linapojionyesha hukokota matawi na kuvurumisha mawe bila kuangalia nani yuko mbele, kwa hiyo wekeni mti mnene kati yenu na yeye. Na lile jiwe lenu la vidole vinne, mmoja wenu aendelee kuliangalia.