Ulaini wa Viazi vya Kuponda Huanzia Kwenye Maji

Watu wengi wanaotaka viazi vya kuponda vilivyo laini hukimbilia kuongeza maziwa, na wanachopata ni rojorojo lisilo na ladha. Kwa maoni yangu, ulaini hutegemea zaidi namna mpishi anavyoyadhibiti maji na wanga wa kiazi tangu sufuria inapoinjikwa.

Chagua viazi vyenye wanga mwingi, vile ambavyo vikiiva hupasuka na kuwa na ungaunga. Kilo moja hutosha watu wanne au watano. Vimenye, vikate vipande vinavyolingana, vya sentimita 4 hivi, visuuze, kisha vibandike katika maji baridi yaliyotiwa chumvi. Ubaridi huo una sababu yake: viazi vikitumbukizwa katika maji yanayotokota, sehemu ya nje huiva na kuanza kumeguka ilhali kiini kingali kigumu, na kiini hicho ndicho baadaye hubaki kuwa mabonge. Yakishachemka, punguza moto na uviache kwa dakika 15 hadi 20, mpaka kisu kipenye bila kukwama.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoithamini kuliko zote, nayo ndiyo hurukwa mara nyingi. Baada ya kumwaga maji, rudisha viazi jikoni juu ya moto mdogo kwa dakika 2 hivi, ukiitikisa sufuria. Mvuke utafuka kwa wingi, kingo za vipande zitapauka, na utando mwembamba mweupe utaanza kushika chini ya sufuria. Hapo maji ya ziada yameondoka na kuiachia siagi nafasi.

Viponde vingali moto, kwa kiponda viazi au kwa kuvipitisha kwenye chekeche, ambalo kwangu ndilo bora. Usitumie blenda kabisa, kwa kuwa visu vyake hupasua seli za kiazi na kuachilia wanga mwingi, nao hugeuka mnato unaovutika kama gundi. Vikishafika hapo havirekebishiki.

Siagi hutangulia. Tia gramu 100, kipande baada ya kipande, ukikoroga kwa mwiko mpaka yote iyeyuke, ndipo umimine maziwa ya moto kidogo kidogo, yasizidi robo lita. Mpishi Mfaransa Joël Robuchon, aliyesifika sana kwa viazi vyake, alitumia gramu 250 za siagi kwa kilo moja, na aliwachemshia wageni wake viazi hivyo vikiwa na maganda ili visinywe maji. Kiasi hicho cha siagi nakiona kikubwa mno kwa mlo wa kawaida, lakini hoja yake kuhusu maji naikubali kikamilifu.

Malizia kwa chumvi, pilipili manga na kungumanga kidogo iliyokunwa papo hapo. Ikiwa mlo bado, weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto na ulifunike. Viazi vikikaza, kijiko kimoja au viwili vya maziwa ya moto vitatosha kuvilegeza.