Minyaa Nilikuwa Naijua

Julai 2017 mimi na shemeji yangu tulitoka Igoma, Mwanza, alfajiri na baiskeli mbili, safari ya Magu, tulale huko turudi kesho yake. Yeye ni fundi baiskeli, kilomita sitini kwake ni kunyoosha miguu. Mimi ni mtu wa ofisini, nina baiskeli ya gia ya mtumba niliyoinunua kwa maringo zaidi ya haja, na fulana ya bluu ya mbio ambayo mke wangu alishaisema mpaka akachoka kwamba inanibana tumbo.

Hadi Kisesa hakuna la kusimulia. Malori, vumbi, na mabasi ya Musoma yanayokupigia honi wakati umeshashuka kwenye lami zamani. Mbele kidogo tukakata kushoto, tukafuata njia ya ng'ombe kuelekea ziwani, maana shemeji alisema kuna jiwe ukikaa juu yake unaiona Ghuba ya Speke mpaka macho yachoke. Kweli lipo. Majaruba ya mpunga yalikuwa yamekauka na kupasuka, upepo unatoka ziwani, nami najiona mtalii katika nchi yangu.

Wakati wa kurudi barabarani nikabanwa na haja ndogo. Kando ya njia palikuwa na uzio wa minyaa wa mji uliohamwa. Nikaegemeza baiskeli pale, tena kwa uangalifu mkubwa, nikichagua pasipo na tawi lililovunjika, kwa sababu nimekulia Usukumani na najua utomvu wa minyaa ukiingia jichoni utalia siku nzima. Nikajisifu kimoyomoyo. Ambacho sikukiangalia ni mmea uliotambaa juu ya hiyo minyaa: majani yamepukutika, umening'iniza vishada vya maganda ya rangi ya kahawia inayometa, kila ganda limejipinda kama herufi S na lina manyoya laini unayotamani kuyapapasa. Usukani ukagonga kishada kimoja. Kazi iliyobaki ikafanywa na upepo.

Upupu si kama nyuki. Nyuki akikuchoma unajua ni hapa. Upupu unaanza kama mtu anakutekenya shingoni, unapitisha mkono, na huo mkono ndio unaoupeleka kifuani, kwapani, na kule ambako nilikuwa nimetoka kushika muda si mrefu.

"Shemeji, usijikune!"

"Sijikuni!" nikajibu, mikono yote miwili ikiwa ndani ya fulana.

Nikaanza kukimbia kurudi ziwani. Akanidaka mkono. "Utatoka humo na upupu, na kichocho juu yake. Twende kwa watu."

Nyumba ya kwanza tulimkuta mama mmoja anaanua udaga. Shemeji akamwamkia kwa Kisukuma, mimi nikatoa shikamoo kwa sauti ya mgonjwa. Hakuuliza tumetoka wapi. "Vua hilo shati, mwanangu. Na usiguse macho."

Akaingia jikoni, akatoka na kiporo cha ugali wa muhogo. Akaufinyanga kwa maji ya moto kidogo mpaka ukanata, akakata tonge, akalibandika mgongoni kwangu na kulibandua. Hakusugua hata kidogo. Akabandika pengine, akabandua. Kisha akanionyesha lile tonge: juu yake vimesimama vijisindano vyembamba vya kahawia, vingi kama vinyweleo vya kiwavi. Matonge saba yalikwenda hivyo, kuku wanasubiri chini na mama anawafukuza kwa mguu. Watoto watatu walikaa kwenye kinu wakitazama. Mdogo akauliza, "Bibi, huyu naye anashindana mbio?" Shemeji, ambaye mpaka hapo alikuwa amejizuia kwa heshima, akaenda kucheka nyuma ya nyumba.

Kwenye zile sehemu nyingine nilipewa tonge langu na kuelekezwa bafuni.

Magu nilinunua vidonge vya mzio, nikameza viwili, nikakesha vilevile. Baadaye nilisoma kwamba manyoya yale yana kimeng'enya chenye njia yake yenyewe ya kuamsha mwasho, ndiyo maana dawa za mzio hazifui dafu mbele yake. Nilisoma pia kwamba ipo aina ya upupu isiyowasha, wakulima huipanda kurutubisha udongo. Habari njema, ila hiyo sikukutana nayo.

Tulipokuwa tunaaga, mama alininyooshea kidole: "Hilo shati lichome. Ukilifua, unamfulia mwingine." Nikaitikia. Lakini fulana ile niliipenda, na moto sikuuona njiani, basi nikaifunga kwenye rambo, rambo ndani ya rambo, nikaisukumia chini kabisa ya begi. Nyumbani nikaliacha begi uani, karibu na beseni, nikaoga, nikalala kama gogo. Asubuhi nikawahi kazini.

Saa nne simu ikaita. Nilidhani ni mke wangu, kumbe shemeji.

"Shemeji," akasema, na sauti yake haikuwa na kicheko hata kidogo, "dada kanipigia analia. Anauliza ile fulana ya bluu tulipita nayo wapi."