Nilivyopiga picha kichwa cha sanamu kwa kioo kibichi, kama walivyofanya miaka ya 1850

Naishi London na kazi yangu haihusiani kabisa na picha, ila kila nikienda British Museum nikisimama mbele ya zile sanamu za Wagiriki na Warumi nawaza wapiga picha wa zamani walizipigaje picha bila taa za umeme. Mpiga picha Roger Fenton alianza kuyapigia makumbusho hayo picha mwaka 1854, studio yake ya vioo juu ya paa, tegemeo ni jua tu, na jua la London mnalijua wenyewe.

Basi nikajifunza kolodioni, ile dawa nzito ya kumwaga kwenye kioo ili kishike picha, kwenye darasa la wikendi, nikanunua kichwa cha plasta kwenye gulio la mitumba, nikasema leo ndo leo. Kazi yenyewe ni mbio: unamwaga dawa katikati ya kioo, unakiinamisha kona hadi kona ienee, ziada unairudisha kwenye chupa, unakitumbukiza kwenye silva naitreti (maji ya dawa ya fedha, ndiyo yanafanya kioo kione mwanga) dakika tatu hivi, halafu upige na usafishe kabla hakijakauka. Kikikauka umeumia.

Kioo cha kwanza nilipokilaza juu ya kitambaa cheusi niangalie, jamaa katoka mweusi kama mkaa! Nikalaumu dawa weee, kumbe kosa ni rangi. Kolodioni inaona bluu tu na ile miale tusiyoiona kwa macho, njano kwake ni giza, na kichwa changu kilishapigwa vanishi ikageuka njano. Nikakipaka chokaa (plasta ya gulioni hiyo, marumaru ya watu usithubutu).

Cha pili nikapiga juani, nusu ya uso nyeupe pee, nusu nyingine shimo. Hapo ndo nikamkumbuka Talbot, Mwingereza mmoja wa wavumbuzi wa mwanzo wa upigaji picha. Yeye alikuwa na kichwa cha plasta cha Patroclus, shujaa wa hadithi za Wagiriki, sanamu halisi ya marumaru iko hapo hapo British Museum, alikipiga mara nyingi sana, na mwaka 1844 aliandika kwamba sanamu nyeupe zinatoka haraka lakini jua kali linaleta vivuli vizito mno, kwa hiyo subiri wingu, au simamisha kitambaa cheupe upande wa pili kirudishe mwanga. Yaani jibu lilikuwepo siku zote, mimi nahangaika.

Nikavua shuka la kitandani nikalitundika kwenye kamba ya nguo, nikageuza kichwa kidogo pua isifunike shavu, wingu likapita, nikafungua lenzi nikahesabu hadi kumi na mbili. Kwenye fiksa (dawa ya mwisho ya kuifanya picha ibaki) ule ukungu wa maziwa ukaanza kuondoka polepole, yakaja macho, zikaja nywele kisokoto kwa kisokoto, mpaka kaufa ka sikioni ambako sikuwahi kukaona.

Mama watoto kaja kuangalia, kaitazama picha mara moja, kisha kaangalia vidole vyangu vyeusi tii, akauliza, "Baba Asha, na shuka langu liko wapi?"