Mchicha na nyanya havipandi bei pamoja: mwaka wa bustani kando ya ziwa

Kwa bustani ndogo za ukanda huu wa Ziwa Victoria, Mwanza, kuanzia Kayenze na Igombe hadi Luchelele, na ng'ambo kule Sengerema, mwaka hauanzi Januari. Unaanza mwishoni mwa Mei, masika ikikatika, wakati jirani mwenye mahindi na mpunga anahesabu magunia. Yeye kamaliza, mwenye bustani ndio kwanza anashika jembe. Ziwa halikauki Agosti, na hiyo ndiyo mali yetu kubwa. Udongo wenyewe si wa kujivunia. Sehemu kubwa ni luseni, mchanga uliomeguka kutoka kwenye miamba hii hii inayolipa jiji jina lake la utani, Jiji la Miamba, na maji yanapita humo kama kwenye chujio. Ukishuka mabondeni unakuta mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kung'ang'ania jembe masika.

Kabla ya kununua mbegu yoyote, elewa soko. Mboga za majani na nyanya hazipandi bei wakati mmoja. Masika mchicha unaota hata kando ya mfereji, matembele yamejaa kila uani, mgagani na mlenda vinachumwa bure, kwa hiyo fungu lako linalala sokoni mpaka linanyauka. Wakati huo huo nyanya zinaozea shambani kwa ugonjwa wa bakajani na tenga linapanda bei. Ikifika Agosti hadi Oktoba mambo yanageuka: nyanya za umwagiliaji zinaingia kutoka kila upande, huku majani yakiadimika kwa sababu visima vya wengi vimeshuka. Kwa hiyo anayekaa karibu na maji ya uhakika alime majani kiangazi na nyanya masika. Wengi hufanya kinyume, maana ndiyo rahisi.

Tuta la kiangazi linashuka, la masika linapanda. Juni tunachimba vitanda vya kuzama: upana mita 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, urefu mita 10, kina cha sentimita 10 hivi, kingo zimeinuliwa kama jaruba dogo. Maji yanabaki ndani badala ya kukimbilia njiani. Samadi huku haina shida kupatikana, ng'ombe ni wengi, lakini ile ya zizini ni nusu mchanga na imejaa mbegu za magugu. Irundike, iloweshe, igeuze kila baada ya wiki mbili, uipe miezi miwili hadi mitatu. Kuna kipimo kisichodanganya: jaza kopo samadi hiyo, panda mbegu kumi za mchicha. Zikiota vizuri na kubaki kijani, imeiva. Zikiota chache au zikaungua ncha, rudisha kwenye rundo. Iliyoiva, weka ndoo tatu hadi nne za lita 20 kwa kitanda kimoja, uchanganye na udongo wa juu tu.

Mchicha unasiwa moja kwa moja. Mbegu ni ndogo mno, kwa hiyo changanya kijiko cha chakula kimoja cha mbegu na bakuli la mchanga mkavu, halafu mwaga kwa mistari iliyoachana sentimita 15 hadi 20. Funika kidogo sana, nusu sentimita tu. Siku ya 21 hadi 28 unang'oa. Kosa la kawaida ni kusia vitanda vyote siku moja. Sia kitanda kimoja kila baada ya siku nne, ili mchuuzi akija akute kitu kila mara, kwa sababu mchuuzi aliyerudi mikono mitupu mara mbili harudi ya tatu. Sukuma wiki ndiyo ya kutunza muda mrefu: wiki nne kitaluni, kisha nafasi ya sentimita 45 kwa 60, na ukichuma acha majani matano au sita ya juu. Ukikwangua mti mzima kwa tamaa ya Jumamosi moja, utasubiri wiki tatu.

Kwenye maji ndipo hesabu zinapowashinda wengi. Jua la Septemba likiwa kali, kitanda kinahitaji takriban lita 5 kwa mita ya mraba kwa siku. Kitanda chetu cha mita za mraba 10 ni lita 50, yaani keni tano za lita 10. Usimwage zote mara moja kwenye luseni, maana nusu itazama chini ya mizizi pamoja na mbolea yako. Keni tatu kabla ya saa 2 asubuhi, mbili jioni. Matandazo yanapunguza kazi hii sana. Maganda ya mpunga yamejaa kwenye mashine za kukoboa, lakini yakiwa makavu upepo wa ziwa wa mchana unayapeleka kwa jirani. Yamwagilie mara tu baada ya kuyatandaza, au weka nyasi kavu juu yake. Magugu maji nayo yanafaa kwa mboji, mradi yaanikwe juani mpaka yanakatika kwa mkono. Yakibaki mabichi kwenye mfereji au bwawa lako la maji, utakuwa umeyapanda.

Na usiingie ziwani peku kuchota maji. Kichocho kwenye fukwe hizi si hadithi. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa kwenye majani ya maji ya kina kifupi na kupenya ngozi ukiwa umesimama tu, hata dakika chache. Panda gati la mbao, au tumia pampu yenye bomba refu la kuvutia, vaa buti za mpira, na ukiweza jaza tangi leo umwagilie keshokutwa: maji yakikaa saa 48 bila konokono ndani, vijidudu hivyo vinakuwa vimekufa. Anayefanya kazi hii mwaka mzima aende kupima, wala asisubiri mpaka aone damu chooni.

Bustani yenyewe pia ina mpaka wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ziachwe bila shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Watu huiona kama usumbufu, ila waliolima mpaka majini mwaka 2020, ziwa lilipofura, waliona vitanda vyao vikigeuka mazalia ya vyura. Kiboko naye hupanda usiku kula, na kitanda cha sukuma wiki kwake ni kama sahani iliyoandaliwa.

Tuje kwenye viungo, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kotmiri ndiyo inayoweka pesa mfukoni haraka, lakini ina tabia mbili za kujua. Kwanza, ile punje unayoiona si mbegu moja, ni mbili zilizobanana. Ziweke kwenye gunia, pitisha chupa juu yake taratibu mpaka zigawanyike, loweka usiku kucha, kisha sia. Zitaota siku ya 7 hadi 14, na kiasi kile kile kitakupa miche karibu maradufu. Pili, haipendi joto wala kuhamishwa. Hapa Mwanza usiku wa Juni na Julai ndio wenye ubaridi, na kotmiri ya wakati huo inatoa majani mapana siku 40 hadi 50 bila papara. Ukisia Septemba, inarefuka, majani yanakuwa membamba kama nyuzi, maua yanatoka, soko limekwisha. Mti ukishafika hapo uachie, uvune punje za pilau. Kivuli cha makuti au neti kuanzia saa 5 hadi saa 9 kinakuongezea wiki moja, si zaidi.

Rosemari ni kinyume chake, inataka shida kidogo. Kata vikonyo vya sentimita 10 hadi 15, pukuchua majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga mtupu kivulini, wiki sita hivi mizizi imeshika. Panda kwenye mwinuko wenye mawe. Ukiipanda kwenye mbuga, masika moja tu inatosha kuiua. Mnanaa weka kwenye ndoo iliyotobolewa, la sivyo utatawala kitanda kizima. Mchaichai upange mstari mmoja kukinga mteremko, sentimita 60 kati ya shina na shina. Unazuia udongo usikimbilie ziwani, na hauhitaji kupandwa upya kwa miaka kadhaa.

Luseni ina ugonjwa wake: minyoo fundo. Ng'oa mche wa nyanya au bamia uliodumaa bila sababu, suuza mizizi. Ukiona vinundu kama shanga vilivyo ndani ya mzizi wenyewe, si vile vya kunde vinavyobanduka kwa ukucha, basi unao. Hapo merigoldi inafanya kazi mbili, dawa na biashara. Lakini ielewe: kupanda mashina matatu pembeni mwa nyanya ni mapambo tu. Inabidi kitanda kizima kijae merigoldi, nafasi ya sentimita 20 kwa 20, miezi miwili hadi mitatu, bila magugu ndani, maana minyoo itajificha kwenye mizizi ya magugu. Ukimaliza kuuza maua, katakata mabua, chimbia, halafu ndipo upande nyanya. Merigoldi fupi za maua madogo ndizo zinazofanya vizuri zaidi kwa kazi hii.

Maua ya kukata hayafuati mvua, yanafuata kalenda ya kanisa, harusi na send-off. Kwaresma hakuna harusi nyingi, halafu baada ya Pasaka kumbi zinajaa. Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma. Zinia inachukua siku 60 hadi 70 tangu kusia. Pasaka ya 2027 ni Machi 28, Jumamosi ya kwanza ya harusi ni Aprili 3, basi zinia iwe imesiwa kufikia Januari 28. Kwa Desemba, sia wiki ya kwanza na ya pili ya Oktoba. Mpe kila mche sentimita 30, kwa sababu zikibanana ugonjwa wa ubwiri unga unaanza majani ya chini vuli ikichanganya tu. Ua la zinia lisikatwe kwa kuangalia rangi. Shika shina sentimita 20 chini ya ua, litikise. Shingo ikiyumba, halijakomaa, litainama kwenye chombo cha maua siku hiyo hiyo. Likisimama gumu kama kijiti, kata. Gladiola ni kinyume: inakatwa chipukizi la chini kabisa likianza kuonyesha rangi, mengine yatafunguka ukumbini, na acha majani manne shinani ili tunguu lijilishe kwa msimu ujao.

Kata alfajiri, kabla ya saa 1 na nusu, tumbukiza kwenye ndoo hapo hapo kitandani. Ndoo ioshwe kwa sabuni, ikiwa na utelezi ndani shina litaziba na ua litakufa kwa kiu ndani ya maji. Kijiko cha chai kimoja cha jiki kwenye lita 10 kinatosha. Pukuchua majani yote yanayozama.

Sasa nyanya za masika, kazi ya watu wavumilivu. Sia kitaluni wiki ya kwanza ya Januari, mistari ya kina cha sentimita 1, funika nyasi, ziondoe siku mche wa kwanza unapochomoza. Ukichelewa siku mbili, miche inakuwa mirefu na dhaifu. Wiki ya mwisho punguza maji ili ikomae, hamisha jioni mwanzoni mwa Februari, sentimita 60 kwa 75. Tuta sasa liwe juu, sentimita 25. Kinachookoa zao ni paa. Bakajani chelewa inahitaji majani yaliyolowa kwa saa kadhaa, na mvua zetu nyingi hushuka alfajiri, mawingu yakitoka ziwani, kwa hiyo majani hulowa muda mrefu kabla ya jua kuyakausha. Karatasi ya nailoni juu ya nguzo, pande zote wazi, mita 6 kwa 10, inachukua miche 120 hivi. Ifunge kwa kamba zinazopita juu kila mita 2, upepo wa dhoruba hauna huruma. Bakiza shina moja au mawili kwa kila mche, simika mti, ondoa majani yote ya chini hadi sentimita 30 ili matone yasirushe udongo juu yake. Chini ya paa mvua haiingii, kwa hiyo usisahau kumwagilia. Ukimwagilia leo sana na kuacha siku nne, matunda yanaoza kitako, na utadhani ni ugonjwa.

Mche ukinyauka mchana wa jua huku majani bado kijani, kata shina karibu na ardhi, lining'inize kwenye glasi ya maji safi. Likianza kutoa uzi mweupe kama maziwa, ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa ya kupulizia. Ng'oa na udongo wake, choma, na hapo usipande nyanya, bilinganya, pilipili, mnafu wala viazi mviringo kwa miaka mitatu au zaidi. Kantangaze, nondo wa nyanya aliyeingia nchini mwaka 2014, ana dalili nyingine: mabaka angavu kwenye jani, na ukiliinua kwenye mwanga unamwona kiwavi ndani. Majani hayo kusanya, funga kwenye mfuko mweusi, weka juani siku tatu. Mwarobaini husaidia kiwavi akiwa mdogo: gramu 50 za kokwa zilizotwangwa kwa lita ya maji, zilale usiku mmoja, chuja, puliza jioni, maana jua linauharibu. Ukitumia dawa ya dukani, siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimeandikwa kwenye lebo.

Mei mwishoni nyanya zinaisha na mchicha uliobaki hauna bei. Usiutupe. Majani ya kunde na mgagani chemsha dakika mbili, anika kivulini kwenye upepo, upate nsansa ya kuuza Septemba. Katika mchicha acha mashina matano yaliyochelewa kutoa maua kuliko yote, yale yaliyowahi yang'oe. Vichwa vikianza kudondosha mbegu nyeusi ukivisugua kiganjani, vikate asubuhi umande ukiwa bado, vikaushe juu ya turubai, pepeta, weka kwenye chupa kavu pamoja na jivu kidogo.