Kwa Nini Wafalme wa Kubuni Huzungumza kama Waingereza

Wafalme na wachawi wa nchi zisizokuwepo duniani huzungumza, katika filamu nyingi za fantasia, kwa lafudhi ya Uingereza, hata pale mwigizaji anapokuwa Mmarekani. Elijah Wood aliiacha lafudhi yake ya Kimarekani katika The Lord of the Rings (2001–2003), na Peter Dinklage, mzaliwa wa New Jersey, akafanya vivyo hivyo katika tamthilia ya televisheni ya Game of Thrones.

Wengi humtaja J.R.R. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings aliyekuwa profesa wa Oxford, na kusema kwamba waliomfuata walirithi sauti yake pamoja na majoka yake. Maelezo hayo hayanitoshelezi, kwa kuwa Hollywood ilikuwa na mazoea hayo kabla fantasia haijashika sinema. Katika Spartacus ya 1960, wakuu wa Roma waliigizwa na Waingereza kama Laurence Olivier na Charles Laughton, ilhali kiongozi wa watumwa walioasi alikuwa Mmarekani, Kirk Douglas. Masikioni mwa Wamarekani, lafudhi hiyo huashiria kwa mpigo ukale na ukubwa wa nasaba, tena bila kumlazimu mtazamaji kusoma tafsiri chini ya picha, jambo ambalo nashuku liliwapendeza zaidi wenye kutoa fedha.

Ukale wenyewe, hata hivyo, ni wa kudhaniwa tu. Tabia ya Waingereza wa kusini ya kuimeza r mwishoni mwa maneno ilienea katika karne ya 18 na ya 19, kwa hiyo askari wa zama za kati aliitamka r hiyo waziwazi, kama Wamarekani wengi wanavyoitamka leo.

Kinachonivutia zaidi ni namna lafudhi hizi zinavyogawa watu. Katika Game of Thrones, Sean Bean wa Sheffield alibaki na matamshi ya kaskazini mwa Uingereza, baadhi ya watu wa ukoo wake wa Stark wakamfuata, huku akina Lannister wakizungumza kama wenye vyeo wa kusini. Mtazamaji hutambua nani ametoka wapi kabla ya kuelezwa. Vibete wa hadithi za fantasia nao mara nyingi wamepewa sauti ya Uskoti, katika filamu na katika michezo ya kompyuta, ingawa Tolkien aliiundia jamii hiyo lugha yenye muundo wa kukaribiana na lugha za Kisemiti, kama vile Kiebrania, ambayo haina uhusiano wowote na Uskoti.