Eti kule Lamu, Masinde alikuwa amepumzika!

Jana nimepanda kilima cha Chetambe, hapa Webuye, na kuka (babu) yangu. Amepita miaka themanini lakini aliyekuwa akihema ni mimi. Tulipofika juu akaanza habari za Elijah Masinde, yule kiongozi wa Dini ya Msambwa.

"Huyo wakimtia pingu, zinafunguka zenyewe."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Masinde ninayemjua mimi alichezea Kenya mpira (ndiyo, mpira wa miguu!) mwaka 1930. Miaka ya arobaini akagoma kutii amri za serikali ya mkoloni, wakampeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, eti ana wazimu. Alipotoka 1947 alileta wafuasi wake papa hapa Chetambe, kuwakumbuka Wabukusu waliouawa na Waingereza 1895. Februari 1948 polisi wakaua watu 11 kule Malakisi, Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, naye akasakwa hadi akakamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Na uhuru ulipokuja, bado alifungwa tena. Hapo ndipo huniuma.

Nikamuuliza: "Sasa kuka, kama pingu zilikuwa zinafunguka, mbona Lamu alikaa miaka yote hiyo?"

"Alikuwa anapumzika," akanijibu, akashika bakora yake akaanza kushuka.